Nikaha ya binti imebaki siku 18, baba yake bado ana kidonda cha tumbo

Asalaam aleikum washauri wetu,

Naandika kutoka Makorora, hapa Tanga. Mume wangu ana miaka 56. Siku 24 zilizopita alipasuliwa tumbo usiku wa manane kwa sababu utumbo ulijisokota. Kipande kilikatwa, ukaungwa. Mshono umeanzia juu ya kitovu hadi chini yake. Siku ya tisa, akiwa bado wodini, kidonda kilivimba upande wa chini, nyuzi nne zikatolewa na usaha ukatoka. Mpaka leo pale pako wazi, urefu kama kidole gumba, kina kama pingili moja. Tulipotoka tulipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, maelezo mengine hatukupata.

Anayemfunga kidonda kila siku ni binti yetu mkubwa, alifundishwa na muuguzi wa zahanati ya jirani. Na huyo binti ndiye mwali wenyewe. Nikaha yake imebaki siku 18.

Ndugu wa mume wangu wameshakaa kikao bila yeye. Wameamua shughuli iwe kwetu kama ilivyopangwa: turubai mbele ya nyumba, mapishi uani, kesha la taarabu Ijumaa, nikaha Jumamosi baada ya Alasiri, walima Jumapili. Kadi 300 zimeshatoka. Wageni wa Pangani, Korogwe na Mombasa wanaanza kuingia Jumatano. Mgonjwa, wanasema, apelekwe kwa kaka yake Muheza wiki hiyo nzima, na shemeji amuozeshe binti. Mume wangu alipoambiwa alisema, "Mnanizika mimi mzima," akageukia ukutani. Tangu siku hiyo anajibu kwa hasira, hata mimi, na usiku halali.

Mavyaa naye amekataza mayai na samaki, anasema vinaleta usaha. Anakunywa uji mtupu na chai ya rangi. Amekonda mpaka kanzu zinampwaya. Nikitamka neno kuahirisha, mawifi wananiambia naleta nuksi kwenye harusi ya mwanangu mwenyewe. Nishike lipi?

Mama Mwali, Makorora

Waaleikum salaam dada yetu, na pole sana kwa kuuguza.

Usiahirishe harusi, na usimpeleke mgonjwa Muheza. Kinachotakiwa kuhama ni shughuli. Siku ya nikaha mumeo atakuwa ametimiza wiki 6 tangu apasuliwe. Jambo ambalo baba wa bibi harusi hana budi kulifanya siku ile ni la robo saa, tena la kukaa. Mapishi, kesha, turubai na wageni wa kulala havimhitaji yeye wala haviihitaji nyumba yenu.

Fikiria nyumba itakavyokuwa. Kilo moja ya mchele inalisha watu saba au nane, kwa hiyo kadi 300 ni kama kilo 40 za mchele, sufuria kubwa kadhaa juu ya kuni tangu alfajiri. Moshi ule utaingia chumbani na mgonjwa atakohoa. Kila kikohozi kinasukuma tumbo kutoka ndani, na mtu aliyelala kitandani hana kitu kinachovuta mshono kuliko kukohoa. Udi na ubani wa kumfukizia mwali ni yale yale. Halafu kuna choo. Mtu aliyekatwa utumbo huenda haja mara nyingi zaidi, na mara nyingine bila kupewa muda wa kusubiri. Hawezi kupanga foleni na wageni. Kesha nalo litamnyima usingizi, ambao tayari hana.

Huko Muheza atapata utulivu, hilo ni kweli. Lakini atakuwa mbali na mikono inayokijua kidonda chake na hospitali iliyompasua, na atakuwa amehamishwa nyumbani kwake wiki ya kumuozesha mwanawe. Maneno aliyoyasema yanaeleza alivyolipokea, na mtu aliyevunjika moyo namna ile hali wala hanyanyuki kutembea. Vyote viwili vinachelewesha kidonda.

Basi mapishi, kesha na walima viende kwa wifi mwenye uwanja mkubwa, au ukumbini. Kadi kutoka si kikwazo: tarehe ile ile, saa ile ile, mahali papya, mnatuma ujumbe wa simu. Kama turubai litafunga barabara, kibali cha serikali ya mtaa kitafutwe wiki hii hii. Wageni wa kulala wagawanywe kwa majirani na ndugu, kwenu asilale mtu zaidi ya wale wa siku zote.

Sasa nikaha yenyewe. Baba ndiye walii, yaani mwenye haki ya kumuozesha binti, na ana njia mbili. Anaweza kuozesha kwa mdomo wake pale pale sebuleni kwenu: bwana harusi, sheikh, mashahidi wawili na wazee wachache, watu kumi au kumi na wawili wanatosha. Wakimaliza, msafara unakwenda kwenye shughuli na yeye anarudi kulala. Njia ya pili ni kumpa sheikh au ndugu yake wakala, yaani ruhusa ya kuozesha kwa niaba yake. Hata hivyo wakala unatoka kwa walii mwenyewe. Uamuzi wa kikao hauwezi kumvua mtu mwenye akili zake timamu uwalii wa binti yake. Shemeji akitaka kusimama, na apewe ruhusa na kaka yake, kwa maneno, mbele ya watu wawili. Tunashauri mjiandae kwa njia ya kwanza, na wakala autamke mapema, siku mbili tatu kabla, awe nao akiba. Asubuhi ya nikaha akiamka na homa, ndoa inafungwa na yeye anakwenda hospitali bila mtu kubishana.

Mkae naye pia mkielewana kuhusu nguvu ya mshono, maana ndugu wakiona ngozi imeshikana watasema amepona. Ngozi hushikana ndani ya wiki mbili. Chini yake, chini ya mafuta, kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, na huo ndio ulioshonwa kwa uzi mnene. Wiki ya tatu haujafika hata theluthi ya nguvu zake za mwanzo. Wiki ya sita uko kwenye nusu. Miezi mitatu unakaribia asilimia 80, na haurudi tena ulivyokuwa. Kidonda kilichotunga usaha kama chake kiko kwenye hatari zaidi ya utando kuachia ndani kwa ndani, ngozi ikiwa nzima, kisha utumbo ukatuna chini ya kovu. Hiyo ndiyo henia ya kovu, na dawa yake ni kupasuliwa tena.

Kwa hiyo mpaka wiki ya 8, au daktari akisema vingine, asinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kiti cha plastiki anaweza, meza hawezi, mjukuu wa miaka miwili hawezi. Mtoto apandishwe na mtu mwingine akae pembeni yake, si juu ya mapaja. Akitaka kuamka kitandani ajigeuze ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Asijikunje kwenda mbele kama anayeinuka kutoka mkekani. Akihisi kikohozi au chafya, akumbatie mto mdogo na kuubana kwenye mshono. Mto huo awe nao kila mahali, hata sebuleni siku ya nikaha.

Mavazi ya siku ile ni jambo dogo linaloharibu mengi. Fundo la msuli hukaa kwenye kitovu, yaani juu ya mshono wenyewe, na mkanda wa suruali hubana pale pale palipo wazi. Avae kanzu pana, ndani bukta laini ya kamba, kamba ifungwe chini ya mwisho wa mshono au ubavuni. Kanzu zinazompwaya ndizo zinazomfaa sasa. Akae kwenye kiti chenye mgongo na mikono ya kushikia, asikae kwenye jamvi, maana kuinuka kutoka chini ndiko kugumu. Kuswali aswali kwenye kiti, ruhusa ipo, wala asione haya mbele ya wageni.

Tuje kwenye kidonda, maana hapa ndipo pana pengo ambalo kikao hakikuliona. Anayekifunga ni mwali. Siku ya hina mikono yake itakuwa imefungwa, kucha za kubandika hushika vijidudu hata ukinawa vipi, na baada ya walima anahamia kwa mumewe. Tangu kesho watu wawili wajifunze: wewe, na mmoja wa wanao au mpwa mwenye mkono mtulivu. Siku tatu mtazame anavyofanya, siku tatu mfanye yeye akitazama, kisha muende pamoja zahanati muuguzi awaone mkifunga. Mkianza sasa mtakuwa mmemaliza wiki moja na ushee kabla ya nikaha.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Nusu saa kabla, apatiwe paracetamol: vidonge 2 vya miligramu 500, ambavyo anaweza kuvirudia kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku nzima. Akiwa chini ya kilo 50 au ana ugonjwa wa ini, daktari ampangie kidogo zaidi. Dawa za mafua nyingi zina paracetamol ndani, msizichanganye. Dikilofenaki msimwongezee wenyewe kwa tumbo lililotoka kuungwa.

Feni izimwe, mlango ufungwe. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, vaa glavu, toa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) ya zamani. Ikiwa imegandia, usiivute. Imwagie maji ya chumvi usubiri dakika tano, itaachia. Hesabu vipande vinavyotoka. Vua glavu, nawa tena, vaa mpya. Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya chupa kutoka duka la dawa. Yakikosekana, chemsha nusu lita ya maji na kijiko cha chai kimoja sawasawa cha chumvi, yachemke dakika kumi, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yatakayobaki kesho yamwagwe. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na jivu visiguse ndani ya kidonda, vinaua nyama changa inayoota.

Kisha lowesha gozi, ikamue, uilaze ndani ya kidonda ikiwa imelegea na mkia wake ukionekana nje. Usiishindilie. Kidonda kama hiki hujaa kutoka chini kwenda juu, na gozi iko pale kuzuia mdomo wake usifunge kabla ya chini kujaa. Ukifunga juu kwanza, usaha unabaki ndani na mnaanza upya. Ukiishindilia, damu haipiti na nyama haioti. Juu weka gozi kavu, kisha plasta. Kwa joto la Tanga jasho hulainisha plasta, hivyo ikilowa ibadilishwe hata kama ni mara mbili kwa siku.

Kila Ijumaa pima urefu kwa rula safi iliyoshikwa juu ya kidonda bila kukigusa, uandike kwenye daftari. Nyama nyekundu yenye vipunje, inayotoa damu kidogo ukiigusa, ndiyo mnayoitaka. Utando wa njano unaonata muuguzi auone. Kijani, kijivu, weusi au harufu kali, mwende siku hiyo hiyo.

Kliniki iwe kabla ya wageni kufika, hata kama tarehe ya karatasi ni ya baadaye. Ombeni apimwe sukari, maana kwa umri wake sukari iliyojificha ni sababu ya kawaida ya kidonda kugoma. Ulizeni pia kiwango cha damu, na majibu ya kipande cha utumbo kama kilipelekwa kupimwa. Kama anavuta sigara, kila moja inabana mishipa inayopeleka damu kwenye kidonda.

Chakula hakisubiri kliniki. Tunamheshimu mavyaa, na katika kumlinda mwanawe hana nia mbaya, lakini usaha unatokana na vijidudu vilivyoingia kwenye mshono. Mayai na samaki ndiyo matofali ya nyama mpya. Mwili wa kilo 60 unaofunga kidonda unataka kama gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku, na uji mtupu na chai ya rangi haviufikishi hata robo. Mayai mawili yana gramu 12. Glasi mbili za maziwa zina 16. Kipande cha changu au kolekole cha gramu 150, cha kuchemsha au mchuzi mwepesi, kina kama 30. Vijiko viwili vya karanga zilizosagwa laini ndani ya uji wa ulezi vinaongeza 8, na nusu kikombe cha choroko laini 7. Tayari mmepita 70. Hatayamaliza kwa milo mitatu, tumbo lake halishiki, kwa hiyo mgawie mara sita, kidogo kidogo. Mwombe muuguzi amweleze mavyaa kwa mdomo wake, kisha mpe mavyaa mwenyewe kazi ya kupika ule uji wa karanga na maziwa. Bibi aliyepewa chungu hawezi kukataza kilichomo.

Maji lita mbili kwa siku, na papai. Kama kwenye dawa zake kuna tramadol au kodeini, hufunga choo, na kujikamua chooni kunavuta mshono kama kunyanyua mzigo. Siku tatu bila choo, aambiwe daktari. Pilau ya harusi apelekewe sahani ndogo ikiwa bado ya moto, bila mafuta ya chini ya sufuria. Kachumbari na juisi za mapipa apite.

Hasira yake haitoki kwako. Baada ya upasuaji mkubwa watu wengi huingia huzuni, hulia bila sababu, hukosa usingizi, nguvu huisha saa sita mchana. Juu ya hapo yeye amevuliwa ubaba ndani ya nyumba yake. Mrudishieni kazi za kukaa. Daftari la michango liwe mkononi mwake, na fedha za matibabu ziandikwe ukurasa wake, zisichanganywe na za shughuli. Orodha ya wazee wa kuingia sebuleni aiandike yeye. Asubuhi na jioni atembee, aanze na dakika kumi, aongeze kila siku, kwa sababu miguu iliyolala hugandisha damu. Mchana alale. Wageni wa kumwona wapewe muda wa saa nzima asubuhi na mwingine kama huo jioni, wawili wawili, na asikalie mtu kitanda chake. Ikipita wiki mbili bado halali, hataki kula, au anasema afadhali angekufa, hilo nalo ni ugonjwa wa kumweleza daktari.

Na wewe pia unahesabika. Usiku mbili kwa wiki mwanao wa kiume alale chumba cha mgonjwa, wewe ulale kwingine mpaka asubuhi.

Wiki ya shughuli teueni mtu mmoja, mtu mzima, asiyekuwa kwenye mapishi, kamati wala kucheza. Kazi yake ni mgonjwa tu. Awe na nauli mkononi, karatasi za hospitali kwenye mfuko, na namba ya dereva wa bajaji aliyekubali kuja saa yoyote. Bodaboda hapana. Aondoke naye bila kuomba ruhusa kwa mtu akiona homa ya 38 au zaidi, kutapika na tumbo kujaa bila kutoa upepo, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana ghafla. Kidonda kikimwaga ghafla maji mepesi ya rangi ya waridi, hiyo ni dalili ya utando kuachia. Alazwe chali, magoti yakunjwe, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi. Kama utumbo umetokeza usirudishwe ndani kwa mkono, na asipewe chakula wala maji mpaka afike.

Mawifi usiwaendee peke yako. Itisha kikao kingine, ba mkubwa wa mwali awepo, kifanyike chumbani kwa mgonjwa ili azungumze akiwa amelala. Usitamke neno kuahirisha, sema kuhamisha. Waambie hivi: "Harusi ipo, tarehe ni ile ile, baba yake atamuozesha sebuleni kwake. Naomba sufuria na spika viende kwa wifi." Lakini kabla ya kuwaita, mweleze yeye kwanza, asubuhi, akishakunywa uji na kidonda kikiwa kimeshafungwa, umuulize kama angependa kumuozesha kwa mdomo wake au ampe sheikh wakala.